Malachy Ameacha Filimbi

"Malachy Feehily! Fungua mlango huu, najua umo ndani!"

Attracta Brehony aliuweka mkate wake wa zabibu juu ya kizingiti cha dirisha ili apate mikono yote miwili, akaugonga mlango upya kama anayetaka kuung'oa. Mvua ya Novemba ilikuwa inamchapa kisogoni.

"Moshi unatoka kwenye bomba lako. Mabuti yako haya hapa. Na mbwa wako ananikodolea macho dirishani. Au nimuulize yeye?"

Ndani kiti kikaburuzwa. Tundu la barua katikati ya mlango likainuka kidogo, yakatokea macho mawili ya bluu na nyusi zisizojua kitana.

"Nenda zako nyumbani, Attracta. Thitaki wageni."

"Hutaki nini?"

"Wageni. Thijithikii vizuri. Ni mafua."

"Mafua ya mwezi mzima? Hata farasi angekuwa ameshapona au ameshazikwa! Jumapili zote hizi kiti chako kitupu pale baa kwa Cuffe, napuliza filimbi peke yangu kama mwendawazimu. Kama una neno na mimi litoe hapa hapa."

"Thina neno."

"Unalo. Raymond ameniambia yote."

Yale macho yakabadilika ghafla, yakawa kama ya mtu aliyekanyagwa kidole.

"Raymond? Bathi nenda kwa huyo Raymond. Akupigie banjo yake mpaka mathikio yaote thugu!"

Tundu likajifunga, pa!

"Sawa!" Attracta alipaza sauti mpaka ng'ombe wakainua vichwa kule bandani. "Kaa na mbwa wako! Na mkate wangu huupati ng'o!"

Akageuka, akatembea kwa kishindo hadi kwenye gari, akabamiza mlango, akapapasa ufunguo.

Simu ikaita kabla hajawasha gari. Ni Ethna, binti wa kaka yake, msusi wa Sligo mjini, ambaye hapitishi Jumamosi bila kujua ya shangazi yake.

"Haya, shangazi. Amefungua?"

"Amefungua tundu la barua."

"Mungu wangu. Akasema nini?"

"Niende kwa Raymond."

Ethna alicheka, kisha akajizuia, maana alisikia upande wa pili mtu anavuta kamasi.

"Shangazi, unalia?"

"Silii. Nimelowa."

Kilcorran ni kijiji kidogo cha Ireland, na kila mtu pale alikuwa na lake la kusema kuhusu Attracta na Malachy, isipokuwa wao wenyewe. Attracta alikuwa mjane, dereva wa basi la shule, miaka sitini imempita na bado anapanda ngazi mbili mbili. Malachy hajawahi kuoa. Maisha yake ni ng'ombe, mbwa na filimbi. Wote wawili walipuliza filimbi za mpingo, zile ndefu za kushikwa kiubavu, na kila Jumapili alasiri walikaa bega kwa bega pembeni ya moto katika baa ya Cuffe, na wapiga fidla na akodiani wakiwazunguka.

Filimbi ina shida moja ambayo fidla haina: mpigaji lazima avute pumzi, na akivuta, wimbo unatoboka. Hawa wawili hawakuwahi kutoboka. Malachy alipovuta pumzi, Attracta alishika. Attracta alipovuta, Malachy alikuwa ameshafika. Hawakuwahi kupanga. Hawakuwahi hata kulizungumza. Wangemaliza nyimbo zao, Malachy angesema, "Si mbaya," Attracta angesema, "Si mbaya kabisa," na hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, kama yalikuwa mapenzi.

Halafu Jumapili moja ya Oktoba Malachy alikuja amejifunga skafu mpaka puani. Alipuliza chini ya skafu hiyo bila kusikika, na walipoanza wimbo wa pili akasimama katikati, akaingiza filimbi kwenye koti, akatoka nje bila kuaga. Hakurudi tena. Siku chache baadaye Raymond Kilcullen, dalali mstaafu wa nyumba na mashamba, mpiga banjo, lile gitaa la tumbo la duara, mtu wa kunukia vizuri, alimfuata Attracta kwenye maegesho ya kanisa akiwa na sura ya msiba.

"Sikutaka kukwambia, Attracta. Lakini Malachy amesema amechoka kukaa karibu na wewe. Anasema unapuliza kama mtu anayefukuza kuku."

Neno hilo lilimwingia Attracta, likakaa. Na Raymond naye akakaa karibu. Mara kikombe cha chai hotelini, mara maua, mara picha za nyumba yake ya Uhispania yenye jua hadi Desemba.

"Sasa shangazi," Ethna alisema kwenye simu, "na huyo Raymond je?"

"Anataka jibu kesho."

"Jibu la nini?"

"La ndoa. Ameniambia tufunge mwakani, kisha tukaishi kule kwenye jua."

"Eeh! Unampenda?"

"Ananifungulia mlango wa gari."

"Sijakuuliza habari za mlango."

"Ethna, wewe bado kijana. Nimechoka kula peke yangu nikisikiliza matangazo ya vifo redioni. Raymond ana adabu. Ana nywele. Ana..." Akapekua kiti cha pembeni. "Mkate wangu!"

"Ana mkate?"

"Mkate wangu nimeuacha dirishani kwake! Ataula! Baada ya maneno yote yale, ataula na siagi!"

"Si umwachie tu, shangazi?"

"Abadani!"

Akakata simu, akashuka, akarudi kwa miguu akiinamia mvua. Mkate ulikuwa bado pale. Alipounyakua tu, akasikia kitu.

Fffff. Fff. Pwi. Ffffff.

Sauti ilitoka bandani kwa ng'ombe. Mwanzoni alidhani ni bomba la maji limepasuka. Akanyata, akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Malachy alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa mlango, filimbi mdomoni. Anapuliza kwa nguvu zake zote. Mabega yanapanda na kushuka. Vidole vinakimbia vile vile kama zamani, kila kimoja mahali pake, ila juu ya vidole hakuna wimbo. Upepo mtupu. Na katikati ya upepo, mlio mdogo: ka, ka, ka, kama kikombe juu ya kisahani.

Attracta alisahau mvua, akasahau kuku na banjo.

"Malachy."

Nusura filimbi ianguke kwenye samadi. Malachy aliruka, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mkono."

"Thitoi."

"Toa mkono. Mimi nabeba watoto wa shule kila siku, naujua mdomo unaoficha kitu."

Mwisho Malachy akashusha mkono taratibu, akafungua mdomo. Yale meno yake ya mbele ya zamani, yaliyopinda na kuingiliana, hayakuwepo. Mahali pake kulikuwa na safu ya meno meupe, makubwa, yamenyooka kama vikombe vya kabatini kwa padri.

"Nani kakufanya hivi?"

"Yule mtamba mwekundu," alisema Malachy, na ile "th" yake, msomaji, tuiache hapa tusichoshane. "Nilikuwa namfungia lango. Akalipiga teke, lango likanijia usoni. Yote ya juu ya mbele yakaenda. Wakanitengenezea haya ya kubandika. Nikipuliza yanainuka. Nikiyabana, mdomo unakauka. Tangu utoto wangu najua kitu kimoja tu cha kufanya mbele za watu, Attracta, nacho kimeondoka na mtamba."

Attracta alijitahidi. Aliuma shavu, akatazama dari, akatazama mtamba mwekundu ambaye alikuwa anatafuna nyasi kama hayamhusu. Kicheko kikamponyoka.

Uso wa Malachy ukazimika.

"Ndiyo. Cheka. Aliniambia ulicheka hivyo hivyo."

Kicheko kikakatika. "Nani alikwambia?"

"Raymond. Ile Jumapili niliyotoka. Alinifuata nje, akasema Attracta anacheka huko ndani, anasema mzee akae nyumbani asimwaibishe."

"Mimi? Mimi nilisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na ukaamini?"

"Kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimeaibika kweli."

Attracta aliweka mkate juu ya mgongo wa ng'ombe aliyekuwa karibu.

"Malachy, nisikilize. Ile Jumapili mimi nilikuwa natafuta koti langu nikufuate, Raymond akaniambia tayari umeshaondoka. Na mimi ameniambia umesema napuliza kama mtu anayefukuza kuku."

"Kuku?"

"Kuku!"

"Mimi siwezi kusema hivyo. Kufukuza kuku hakuhitaji pumzi nyingi vile." Akaona anavyotazamwa, akaongeza haraka, "Namaanisha una pumzi nzuri. Sijawahi kusikia pumzi nzuri kama yako. Nimekaa karibu nayo muda wote huu, ningeijua gizani."

Ng'ombe aligeuza shingo, akaanza kunusa mkate, Attracta akauokoa.

"Haya," alisema, akipandisha mikono ya sweta. "Vua."

Malachy aliwiva masikio. "Nivue nini?"

"Meno, Malachy! Ulifikiri nini, mbele ya ng'ombe?"

Akageuka pembeni, akayatoa, akayafunga kwenye leso. Mdomo wa juu ukazama ndani, akaonekana mzee wa ghafla, na mpole wa ghafla. Attracta hakucheka safari hii. Alichukua filimbi, akaipangusa kwa upindo wa sweta, akaiweka chini ya mdomo wa Malachy, chini kidogo kuliko alivyozoea.

"Tundu lizungushe lielekee nje. Zaidi. Mdomo wa juu ufunike ufizi. Usibane. Sasa usipulize kama unazima moto, puliza kama unapoza chai."

"Ffff."

"Tena."

"Ffff."

"Tena, na usinitazame mimi, tazama mtamba."

"Simpendi."

"Basi tazama mwingine."

Walihangaika mpaka chai ya saa kumi ikapita. Sauti mbili tatu zilitokea, nyembamba, za kukwaruza, zikafa. Mwishoni Malachy aliteremsha filimbi mapajani.

"Inatosha. Asante kwa kujaribu. Nenda nyumbani, ubadilishe nguo."

"Kesho njoo kwa Cuffe."

"Nikafanye nini? Nikae pale kama mwanasesere? Attracta, tuseme ukweli. Mtu kama wewe alikuwa anakaa karibu na mimi kwa ajili ya filimbi. Bila filimbi mimi ni mzee wa ng'ombe asiye na meno. Raymond ana nyumba kwenye jua."

Attracta alisimama. Hasira aliyokuwa nayo mlangoni ilikuwa ya kitoto; hii ilikuwa ya mtu mzima.

"Unafikiri nilikuwa nakuja kwa ajili ya filimbi? Filimbi ninayo yangu! Kila Jumapili naoga, najipaka mafuta, nabadilisha blauzi mara mbili, halafu nakuja kukaa karibu na mwanaume anayenukia banda, nasubiri aniambie 'si mbaya.' Ni filimbi hiyo?"

Malachy alikunja upya ile leso yenye meno.

"Kesho Raymond anataka jibu," alisema Attracta, "nami nitampa. Ukipenda kulisikia, njoo. Na mkate huu hapa. Uloweke kwenye chai, ni mgumu kwa ufizi."

Akaondoka.

Jioni ile alikuwa anakula viazi vyake na samaki, redio imezimwa, simu ikalia. Malachy huandika ujumbe kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu hajui pa kuzipunguza.

NIMEPATA SAUTI MOJA.

Attracta alisahau kutafuna. Akajibu: Ipi?

SIJUI. NG'OMBE WAMEGEUKA WOTE.

Akacheka peke yake jikoni. Baada ya kuosha vyombo, mwingine:

NIMEPATA YA CHINI KABISA. NZITO. MBWA AMEONDOKA.

Akaandika: Usibane.

SIBANI. MKATE MZURI.

Attracta alipanga blauzi zake juu ya kitanda, akachagua ya kijani, akaiacha, akairudia. Simu ikalia tena.

ATTRACTA. ILE BLAUZI YA KIJANI. NILIKUWA NAIONA.

Alikaa juu ya kitanda, simu kifuani. Kisha akaitundika ile ya kijani mlangoni.

Jumapili saa tisa alasiri baa ya Cuffe ilijaa. Watu wa fidla walikuwa wanakaza nyuzi, mwenye akodiani amekalia meza nusu, na bia nyeusi zinatulia povu kwenye glasi. Ethna alikuwa amekuja kutoka mjini, ati kusalimia tu. Raymond alikaa kwenye kiti cha Malachy, shati jeupe limepigwa pasi, banjo mapajani.

"Umependeza," alimwambia Attracta, akimvutia kiti. "Kijani kinakufaa. Je, tuzungumze kabla ya muziki au baada?"

"Sasa hivi. Lakini kwanza nisaidie jambo moja, Raymond. Lile neno alilosema Malachy juu yangu. Nimelisahau vizuri. Lilikuwaje?"

Raymond akashusha sauti. "Ya nini kujiumiza?"

"Nataka nilisikie mara ya mwisho, nilizike."

"Basi. Alisema unapuliza kama mtu anayefukuza kuku. Ndivyo alivyosema, masikio yangu haya. Tena akasema haji tena hapa maadamu wewe upo."

"Alisema hivyo wapi?"

"Nje, pale mlangoni."

"Mlango upi?"

"Ule pale," alisema Raymond, akageuka kuonyesha kidole.

Mlangoni alikuwa amesimama Malachy Feehily, amenyoa, amevaa koti la harusi za watu, nywele zimelazwa kwa maji. Baa nzima ikageuka, hata bia zikaacha kumiminwa.

"Endelea, Raymond," alisema Malachy. "Nilisema nini tena? Mimi nasahau siku hizi."

Kidole cha Raymond kilibaki hewani. Shingo ikaanza kupata rangi, ikapanda hadi masikioni.

"Malachy, rafiki yangu, labda nilisikia vibaya..."

"Na mimi ulinisikia vibaya?" Attracta aliuliza. "Niliposema mzee akae nyumbani asiniaibishe? Lini nilisema hayo, Raymond? Maana hata mimi yamenipita."

Mzee wa fidla aliweka upinde mezani. "Raymond, ulifanya hivyo kweli?"

Raymond alitazama banjo yake, akatazama watu, akaona hakuna pa kutokea. Tumsifu kwa moja: hakukataa.

"Nilifanya. Ninakupenda, Attracta, na ninyi wawili mmekaa hapo miaka nenda miaka rudi hamsemi kitu. Nikadhani hakuna kitu. Malachy alipotoka siku ile, niliona mwanya."

"Mwanya ulikuwa mdomoni mwake, Raymond," alisema Attracta. "Haukuwa wako."

Ethna aliangua kicheko cha kwanza, baa ikafuata. Raymond mwenyewe akajikuta anatabasamu kwa uchungu, akasimama, akakisukuma kiti nyuma.

"Jibu langu nadhani nimeshalipata."

"Umelipata. Lakini usiondoke na hiyo banjo. Ulichofanya ni kibaya, na nitakukasirikia mpaka Krismasi. Kaa kule mwisho karibu na akodiani."

"Mpaka Krismasi tu?"

"Usinijaribu."

Raymond akahamia mwisho wa benchi. Malachy akaja taratibu, akakaa mahali pake. Alitoa filimbi kwenye koti, akakunjua kitambaa chake. Halafu, mbele ya parokia nzima, aliingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake, akayaweka kwenye mfuko wa shati kama mtu anayeweka miwani.

"Mtamba mwekundu," aliwaeleza watu. "Anauzwa, kama kuna anayemtaka."

Walipomaliza kucheka alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Attracta alimsogelea.

"Unaanza na ipi?" alimnong'oneza.

"Polepole. Ile ya Malkia wa Kinu. Siwezi zile za mbio."

"Mimi nakufuata."

Malachy akapuliza. Mwanzo ulikuwa upepo, na mtu mmoja pale nyuma akainamisha kichwa asione. Kisha ile sauti ya chini kabisa ikatoka, nzito, yenye mchanga, kama mtu aliyeamka usingizini akaita jina. Haikuwa sauti yake ya zamani. Ya zamani ilikuwa safi na ilijua kwamba ni safi. Hii ilikwama, ikapasuka, ikapotea kabisa kwenye sehemu ya juu. Pale ilipopotea Attracta alikuwepo. Akaibeba mpaka chini, akaiweka mahali Malachy anapoweza kufika, Malachy akaipokea. Wakaenda hivyo, mmoja anashika, mwingine anavuta pumzi, mpaka mwisho.

Wenye fidla hawakugusa nyuzi. Raymond kule mwisho alikuwa ameweka kiganja juu ya banjo isije ikalia kwa bahati mbaya.

Malachy akateremsha filimbi, akafuta kidevu.

"Si mbaya," alisema.

Attracta alimgeukia. "Malachy Feehily, ukiniambia 'si mbaya' siku nyingine tena, mimi mwenyewe nitakwenda Uhispania."

"Nisemeje?"

"Sema unachotaka kusema."

Malachy aliangalia glasi, akaangalia moto, akaangalia baa yote iliyoinama mbele isikie.

"Nje," alisema.

"Ah, Malachy!" watu wakalalamika kwa pamoja.

Wakatoka. Ethna aliwahi dirishani, mzee wa fidla nyuma yake, na aliyeshindwa kupata nafasi dirishani alisikiliza kwenye mlango. Mvua ilikuwa imekatika. Malachy alisimama kati ya trekta lake na gari la Attracta, akizungusha kofia mikononi.

"Nina nyumba," alianza. "Nina ng'ombe. Sina meno."

"Nimeona."

"Sijui kufungua mlango wa gari. Yaani najua kuufungua, ila sijawahi kumfungulia mtu. Na jua kwetu linakuja likipenda."

"Najua, mimi naishi hapa."

"Nilianza kukupenda ile siku ya kwanza ulipokuja na filimbi yako kwenye soksi. Nilitaka kusema. Kila Jumapili nilitaka. Tulipokuwa tunapuliza niliona kama nimeshasema, nikaridhika, nikarudi nyumbani. Huu mwezi ndio nimejua kwamba sikuwa nimesema kitu."

Attracta alimshika kola ya koti, akaivuta kidogo.

"Mimi nina nyumba, sina ng'ombe, na meno yangu yote yapo," alisema. "Tukichanganya, tunapata mtu mmoja na nusu wa maana."

"Ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, mpumbavu wewe. Na yaweke hayo meno, nataka kukubusu na sitaki kutafuta mdomo ulipo."

Kule dirishani kulipigwa makofi mpaka kioo kikatetemeka.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Kanisa la Kilcorran halikutosha, watu wakasimama hadi makaburini. Malachy alikuwa ametengenezewa meno mengine, madogo, yamepinda kidogo kwa ombi lake mwenyewe, na alitamka kiapo kizima bila "th" hata moja, maana alikuwa amejizoeza nacho mbele ya mbwa wiki nzima. Raymond alikuja kutoka Uhispania, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, na mama mmoja mchangamfu kutoka Wexford aliyekutana naye ufukweni. Raymond alimpa Attracta mkono.

"Krismasi imepita," alisema.

"Imepita," alisema Attracta, akambusu shavuni. "Lakini usimwambie huyo mama neno lolote kwa niaba ya mtu mwingine."

Ukumbini meza zilisukumwa ukutani. Bibi na bwana harusi waliingia, na bila kufikiri wote wawili wakaelekea jukwaani walikokaa wapigaji. Ethna akawazuia, mikono ameitandaza.

"Mnakwenda wapi?"

"Kupuliza," alisema Malachy.

"Leo hampulizi. Filimbi zenu nimezifungia kwenye gari langu. Leo wanapiga wengine, ninyi mnacheza."

Fidla zikaanza, banjo ya Raymond ikaingia, akodiani ikapanda juu yazo, na watu wakasogea kando wakaacha uwazi mkubwa katikati ya sakafu. Attracta na Malachy wakabaki humo peke yao. Mikono yao haikujua pa kwenda.

"Attracta," Malachy alimnong'oneza, "mimi sijui kucheza."

"Kucheza? Umewachezesha watu wa wilaya nzima!"

"Ndiyo. Nikiwa nimekaa. Nilikuwa naona miguu yao tu. Na wewe?"

Attracta alifikiri, akashangaa mwenyewe. "Tangu nianze kupuliza, hakuna aliyewahi kuniomba. Huwa nina filimbi mdomoni."

"Basi naomba."

Akampa mkono. Malachy akamshika kiuno kama anavyoshikwa mtungi uliojaa. Wakaanza. Ethna alipiga kelele, "Kushoto, shangazi, kushoto!" na wote wawili wakaenda kulia, wakamgonga padri, wakagongana wenyewe kwa wenyewe, Malachy akamkanyaga, Attracta akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Tunaelekea wapi sasa?" Malachy aliuliza, jasho linamtiririka.

"Sijui!"

"Tusimame?"

"Thubutu!" alisema Attracta, akamvuta karibu, wakazunguka tena.